Kutembea Elgon vipande vipande, Sipi mpaka Kapkwata: jibu kwa dada wa Mbale

Kuna dada mmoja wa Mbale ameniandikia, swali lake ni refu kidogo nalifupisha. Anasema yeye na wenzake watatu wanafanya kazi hospitali, off wanapata siku mbili kwa wiki na mara nyingi sio weekend, na wanataka kutembea kwa miguu huku kwetu Sebei, waanzie Sipi, wapite manispaa ya Kapchorwa, wafike Kapkwata, alafu siku moja wapande mpaka Wagagai, kilele cha mlima Elgon. Ameona watu wa nje wanatembea njia ndefu kwa vipande, mwaka huu kipande hiki mwaka kesho kile, anauliza kama hapa inawezekana, ruhusa inaombwa kwa nani, guide ni lazima ama ni biashara tu ya vijana wa Sipi, na kama wanawake wanne wanaweza kutembea bila wasiwasi.

Dada, vijijini inawezekana kabisa, na kwa siku mbili mbili zenu mtafika Kapkwata bila kuomba likizo. Kilele hapana, kilele hakigawanyiki, huko itabidi mkae chini na in-charge wenu mpangiwe zamu upya. Nitaeleza yote mawili, ila ile ya vijijini ndio nitakaa nayo zaidi maana ndio watu hawaiandiki, kila mtu anaandika Wagagai na maporomoko basi, kama vile katikati hakuna kitu.

Kitu cha kwanza, hao mliowaona wanatembea njia ya watu waliyotengenezewa. Ile Appalachian Trail ya Marekani inazidi kilomita 3,500, ina alama nyeupe zimepakwa kwenye miti mwanzo mpaka mwisho, na kuna watu kibao wanaimaliza kidogo kidogo kwa miaka. Sisi hapa hatuna rangi kwenye mti hata moja. Tuna njia za watu, za kwenda kisimani, za kwenda shule, kanisani, za punda za kupeleka mahindi barabarani, na hizo zote zimeungana kutoka kijiji hadi kijiji toka zamani, kazi yenu ni kuzishona. Kwa hiyo usigawe vipande kwa kuangalia ramani ukasema hapa kilomita kumi na tano hapa kumi na tano, gawa kwa kuangalia gari inafika wapi. Kipande kizuri ni kile kinaanzia steji na kuishia steji, na katikati kina sehemu moja angalau ambayo mtu akiteguka mguu boda inaweza kumfikia. Ukishika hiyo tu, mambo mengine yote yanajipanga.

Na hapa tuna bahati moja kubwa, barabara. Lami ya Mbale kuja Kapchorwa ipo siku nyingi, na ile ya Kapchorwa kwenda Suam mpakani, kilomita 73, nayo imewekwa lami juzi juzi tu. Zamani mvua ikinyesha upande wa wilaya ya Kween ulikuwa unalala ulipo, sahii taksi zinapita. Barabara yenyewe imekaa kwenye kama bega la mlima, juu yako ni msitu wa park ya taifa ya Mlima Elgon, chini yako ni majabali yanashuka mpaka tambarare za Karamoja, kwa hiyo kijiji chochote utakachotembea kati ya Sipi na Kapkwata lami haiko mbali, ama iko juu yako ama iko chini yako. Hii ndio inafanya mpango wa siku mbili uwezekane.

Lakini sasa hiyo lami isiwadanganye kuhusu mwendo. Mlima huu mito yake inashuka kutoka juu kwenda chini, Sipi, Atari, Ngenge na vijito vingine vingi, na kila mmoja umechimba bonde lake. Ninyi mnatembea kuukata mlima kwa ubavu, maana yake kila baada ya muda mnashuka bondeni, mnavuka, mnapanda tena, mnatembea tambarare kidogo mnaona maisha ni mazuri, alafu bonde lingine. Mtu amezoea kutembea barabara za Mbale atasema kilomita kumi ni masaa mawili, huku hesabu masaa manne na mkifika mapema mshukuru Mungu. Nimeona vijana wa mjini wenye nguvu zao wamekaa chini saa saba mchana hawataki kuongea na mtu, sio kwa sababu ya umbali, ni magoti ya kushuka.

Sasa vipande vyenyewe.

Siku za kwanza kaeni Sipi, msiwe na haraka ya kuondoka. Maporomoko ni matatu, la chini ndio lile la kwenye picha zote, lina urefu wa kama mita 100, na kuyazunguka yote matatu kwa miguu ni nusu siku nzuri ya kupima miguu na viatu. Hapo mtakutana na kitu kinawakasirisha wageni wengi, njia inapita kwenye shamba la mtu na mwenye shamba amekaa getini anataka pesa kidogo. Lipeni na msibishane, ile ni ardhi yake, ngazi za miti mnazokanyaga ameweka yeye ama kijana wake na zikivunjika ni yeye anarudishia. Ila ulizeni kabla ya kuanza, mwambie guide awape hesabu yote ya mageti mapema, ndio kugombana kwingi kunapotokea, mtu analipa mara moja anafikiri amemaliza kumbe kuna jirani.

Siku ya pili kutoka Sipi mnaweza kupanda mpaka Kapkwai, pale UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, wana kituo chao cha msitu kwenye mita kama 2,050. Ni nusu siku ya kupanda kupitia migomba na kahawa, alafu ndani ya kituo kuna njia fupi za kuzunguka, mnaona poromoko la Chebonet na mapango, mnashuka. Hapo mkiingia geti la park mshaingia sheria nyingine, nitakuja huko.

Kipande cha pili ni Sipi mpaka mjini Kapchorwa. Kwa lami ni kilomita kumi na kitu tu, boda inakufikisha kabla hujamaliza kuongea na simu, lakini kwa njia za vijijini ni siku nzima na ndio kipande ningemwambia mtu atembee kama ana siku moja tu ya maisha yake ya kutembea Sebei. Sababu ni kwamba kuna sehemu nyingi njia inakuja mpaka kwenye ukingo wa jabali, unasimama unaona chini yote mpaka Karamoja, na asubuhi kama hakuna ukungu mlima Kadam unaonekana umesimama peke yake huko mbali. Kahawa inakuwa imefunika nyumba, kuna migomba juu yake kwa ajili ya kivuli, mahindi kila mahali penye nafasi. Kama mnakuja kwenye miezi ya mwisho wa mwaka mtakuta watu wanachuma na kuanika, hapo msikanyage maturubai ya kahawa hata kama yamefunga njia yote, zungukeni. Inaonekana ni kitu kidogo lakini ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu imelala chini pale.

Mkiingia manispaa hamtajua kama mmeingia manispaa. Watu wa Kampala wakisikia municipality wanafikiri majengo na mataa, hapa mji wenyewe ni barabara kuu, soko, steji, benki, ofisi za serikali, alafu ukitembea dakika chache pembeni uko kwenye mahindi na ng'ombe tena, na bado uko ndani ya manispaa. Kwa mtembeaji hii ni nzuri sana, inamaanisha mnaweza kulala mjini, mkaoga maji ya moto, mkala chakula cha maana, na asubuhi msihitaji gari kuanza kutembea, mnatoka mlangoni mnapanda. Njia ya kupanda kutoka mjini kuelekea Teryet ndio napendekeza kwa siku ya pili. Teryet ndipo serikali ilijenga kile kituo cha mazoezi ya wakimbiaji, juu kabisa ambako hewa ni nyembamba, na mkitoka mapema mtapishana nao barabarani wakishuka na kupanda. Msijaribu kuwafuata hata kwa utani. Hapa ndipo kwao na Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathon London 2012, na Joshua Cheptegei ambaye 2020 alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000 mwaka huo huo mmoja, sasa mtoto wa darasa la sita atawapita na begi la vitabu mgongoni na atawasalimia bila kuhema.

Kipande cha tatu ni Kapchorwa mpaka Kapkwata, kilomita zaidi ya 30 kwa barabara, na hiki msikilazimishe kwa siku moja. Kigaweni. Siku ya kwanza mtoke mjini muishie sehemu za Binyiny, ndio makao makuu ya wilaya ya Kween, ama kama miguu inadai zaidi msogee mpaka Kaproron. Siku ya pili mmalizie Kapkwata. Kulala katikati kuna geshti za kawaida, sio hoteli, ulizia mapema, na kama hamjapenda mnachokiona, pandeni taksi mrudi Kapchorwa mlale alafu asubuhi mrudi pale pale mlipoachia. Hakuna polisi wa kuwauliza mbona mmelala kwingine.

Huku mazingira yanabadilika, baridi inaongezeka, migomba inapungua, mnaanza kuona viazi, mahindi makubwa makubwa na ngano. Na punda. Sebei punda ndio pikap ya mkulima, na mkikutana na kundi la punda wamebeba magunia kwenye njia nyembamba simameni upande wa mlima, upande wa juu, kamwe msisimame upande wa bonde maana gunia la punda halina breki, likikusukuma unaenda nalo. Ng'ombe nao hivyo hivyo.

Kitu kimoja kwenye kipande hiki, njia zenye mvuto sana zinateremka kuelekea tambarare za chini, upande wa Ngenge. Huko zamani kulisumbuliwa na wezi wa ng'ombe miaka mingi, na hata sahii penye utulivu mimi nasema msishuke mpaka mmeulizia siku hiyo hiyo kwa watu wa pale. Tena kuna joto, na kupanda kurudi juu jioni ni adhabu. Baki kwenye bega la mlima.

Haya, park. Ukishavuka mpaka wa park, iwe Kapkwai, iwe Kapkwata, unalipa UWA na unatembea na renja wao, hiyo haina mjadala, hata kama umezaliwa kijiji kinachopakana na msitu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na bei yetu ni chini kuliko ya mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kitambulisho, kwa hiyo wote wanne mbebe national ID zenu, picha kwenye simu sio kila mtu anaikubali. Na ofisi ya UWA ya Elgon iko hapo hapo kwenu Mbale, huna haja ya kupiga simu Kampala wala kumlipa mtu wa kati, nenda kwa miguu yako uulize bei ya siku ile, uulize renja na mbeba mizigo wanalipwaje, uandike kwenye karatasi.

Ndani ya park kuna kipande kimoja tu kinachokaa kwenye siku zenu mbili, na ni kizuri. Mnapanda kutoka Kapkwai mpaka pango la Tutum, mnalala pale, asubuhi mnashuka. Pango liko kwenye mita kama 2,700, ni kubwa, msitu wa njiani una miti ya podo ya zamani na mianzi, usiku baridi ni ya kweli. Fanyeni hicho kabla ya kuwaza Wagagai, kwa sababu mtu akishindwa kulala Tutum kwa baridi, huko juu atawaharibia wote safari.

Sasa kwa nini nasema kilele hakigawanyiki. Chukua njia ya Sasa ambayo ndio inatumika zaidi, inaanzia Budadiri upande wa Sironko kwenye mita kama 1,250, na siku ya kwanza peke yake inakupandisha mpaka kambi ya Sasa kwenye mita kama 2,900, hapo katikati kuna majabali ya Mudangi unayapanda kwa ngazi. Siku inayofuata ni pango la Mude kwenye mita kama 3,500, alafu ndio kilele mita 4,321 na kurudi. Watu wanaipanga siku nne. Hebu sema unaigawa, siku mbili za kwanza umefika Mude, zamu imeisha, unarudi kazini, wiki ijayo unakuja kuendelea kutoka wapi? Hakuna boda ya kukupeleka Mude. Utaanza Budadiri tena. Na tatizo lingine ambalo nyinyi watu wa hospitali mnalijua kuliko mimi, mwili ukizoea juu, ukishuka ukakaa wiki unaanza upya, kwa hiyo hata ile kazi ya kuzoea hewa umeitupa. Kuanzia mita 3,000 kichwa kikianza kuuma na chakula kikikataa, mtu anashuka, hajadiliani.

Njia ya Piswa kutoka Kapkwata imelala zaidi, haina ule ukuta wa siku ya kwanza, na kwa mtu ambaye ameshatembea mpaka Kapkwata kwa miguu ningesema ndio yenu, itaunganika na vipande vyenu vya chini bila kuacha pengo. Inachukua siku zaidi lakini magoti yatawashukuru. Inapitia msitu, inatokea kwenye nyasi za juu penye ile mimea mirefu ya ajabu ya lobelia, kambi ya Hunters Cave, na mnaweza kuingia ndani ya kaldera yenyewe, lile shimo kubwa la volkeno huko juu. Wengine wanapanda upande mmoja wanashuka mwingine, mfano wanapanda Sasa wanashuka Sipi, ni safari nzuri sana ya siku tano hivi. Kuna wanaotaka kuvuka mpaka Kenya kupitia juu huko huko mlimani, hilo linapangwa na park zote mbili pamoja na uhamiaji, usiende ukavuka tu kwa sababu chemchemi ya maji moto ya Suam iko karibu na mpaka na hakuna aliyekuona.

Guide nje ya park. Kisheria hakuna anayewalazimisha kuwa na guide kwenye njia ya kijiji, hiyo nisiwadanganye ingawa hii ndio kazi inanilisha. Lakini hizi njia hazina sheria ya kusema raia yeyote ana haki ya kupita, zipo kwa sababu majirani wamekubaliana kupitana, na wewe sio jirani. Mtu wa pale akitembea na nyinyi swali la "hawa ni nani" linajibiwa kabla halijaulizwa. Mimi ningefanya hivi, kwa kila kipande mchukue mtu wa kipande hicho, sio guide mmoja wa Sipi awapeleke mpaka Kapkwata, maana akishavuka vijiji viwili vitatu naye ni mgeni kama nyinyi, tofauti anajua lugha. Mjini Kapchorwa mpate wa Kapchorwa, Binyiny mpate wa Binyiny. Bei mkubaliane asubuhi, chakula chake kiko upande wa nani mseme, na nauli yake ya kurudi ni juu yenu, hiyo ndio inasahaulika na kuleta maneno jioni.

Ruhusa sasa. Chairman LC1 wa kijiji mnachoanzia na mnacholala, hao wawili wanatosha, katikati ni kusalimia tu. Mpigie simu siku moja kabla, guide atakuwa na namba, mwambie tuko wanne, wanawake, tunafanya kazi hospitali Mbale, tunatembea tu hatununui ardhi. Hiyo ya ardhi mseme kweli kweli, siku hizi mtu mgeni akipita anaangalia angalia mashamba na kupiga picha watu wanafikiri ni mnunuzi ama mpimaji, na huku chini ya msitu mambo ya mipaka kati ya wananchi na park yamewaumiza watu kwa miaka, kuna familia zilihamishwa, kuna kesi. Ukiona nguzo ya mpaka usiipige picha ukicheka. Na kwa vile nyinyi ni watu wa afya mjiandae, mkisema hospitali tu kuna mama atawaletea mtoto mumwangalie, amueni kabla mtajibu nini.

Lugha isiwatishe. Upande wa Sebei Kiswahili kinasikika vizuri kwa sababu ya biashara na Kitale, wazee kwa vijana, kuliko hata Mbale kwenu. Shikamoo haitumiki sana, salamu ya mkono na habari ya hapa inatosha, ila usipite boma la mtu kimya, hiyo inaonekana vibaya kabisa.

Usalama wa wanawake wanne, najibu kama ningemjibu mdogo wangu wa kike. Mchana kwenye njia za vijijini shida yenu kubwa ni utelezi, mbwa na watoto wanaowafuata kilomita mbili. Shida ya watu iko kwenye vitrading center kuanzia jioni, waragi imeshaanza kufanya kazi, na boda za usiku ambazo dereva naye alikuwa hapo hapo. Kwa hiyo muwe mmefika mnakolala saa kumi, saa kumi na moja ndio mwisho, na kama mmechelewa piteni center bila kusimama, guide mbele, hamuongezi story. Kutembea muanze saa moja asubuhi, kwanza mvua ya huku inapenda mchana.

Msimu mzuri ni Desemba mpaka mwanzo wa Machi, na ule mwanya wa Juni na Julai. Udongo wetu ukipata maji ni sabuni, mtu anaanguka amesimama. Mvua zikikolea, Aprili Mei na Oktoba Novemba, mimi vipande vya kukata mabonde sivipeleki watu, sio kwa sababu ya kuchafuka. Mnakumbuka Bududa Machi 2010, mnakumbuka Bulambuli Novemba 2024, hapo chini tu ya Sipi, ardhi ilishuka na nyumba za watu. Kama imenyesha siku mbili tatu mfululizo ahirisheni, mlima hauhami. Na mwaka wa shufwa, kuanzia Agosti, upande wa Bugisu ni imbalu, tohara ya Wagisu, barabara zinajaa ngoma na watu, taksi zinachelewa, ni raha kuona lakini usiweke ratiba ya kubana siku hizo, na Desemba ya mwaka huo huo Wasabiny, watu wa huku Sebei, nao wana tohara yao.

Vifaa sitaongea sana maana watu wanapenda kununua vitu kuliko kutembea. Kama ni kukavu viatu vya kawaida vyenye meno, kama kumelowa gambuti, tena gambuti za dukani Kapchorwa zinawashinda viatu vingi vya bei, soksi mbili tu usivae moja. Fimbo, ikatwe na guide, sio kwenye mti wa mtu. Koti la mvua. Maji lita mbili kila mtu, mto usinywe hata kama unang'aa, juu yako kuna ng'ombe. Ramani pakueni kwenye simu kabla, ile app isiyohitaji data, na mkiwa upande wa Kween kwenda mbele angalieni simu, kuna sehemu inaweza kudaka mtandao wa Kenya na kumeza airtime yote. Chakula kula rolex, ile chapati ya mayai, asubuhi mjini ujaze tumbo, mchana vijijini mtapata viazi, posho na maharage, maziwa ya mgando, usitegemee menyu. Beba sukari kilo moja moja za kuacha mnapokaribishwa kukaa, pesa mkononi mwa mama aliyewapa chai inaweza kumfanya ajisikie vibaya, sukari hairudishwi.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kama mkipanda boda sehemu ya kipande mtakuwa mmedanganya. Wenzetu wa nje wana ugomvi mkubwa juu ya hilo, mimi sina. Kama mwenzenu mguu umemkataa kwenye bonde la pili mpakieni boda aende kuwangoja Binyiny na soda, siku nyingine arudi kutembea kile alichoruka kama roho inamdai. Ninachowaomba tu ni kuandika mahali mlipoishia, jina la kijiji na kitu kisichohama, kanisa, shule, daraja, sio "pale kwenye duka la kijani", duka litapakwa rangi nyingine. Kwa zamu zenu ningeanza hivi: Sipi, alafu Sipi Kapchorwa na Teryet siku ya pili, alafu Tutum, alafu Kapchorwa Kapkwata, na mkiwa mmemaliza hivyo vinne ndio mwende ofisi ya UWA kuulizia Piswa na muombe likizo. Kile cha Kapkwata hakikisheni mmefika kabla ya saa tisa, taksi zinazotoka Bukwo kurudi Kapchorwa zinapita zimejaa, na wanne pamoja baada ya hapo mtangoja sana, na kesho yake kuna zamu ya asubuhi.